Nani anokula chipsi zaidi, mwenye nazo au asonazo?

Assalaam aleikum wasomaji wetu. Toleo lililopita tulitoa barua ya baba mmoja wa Magomeni alosema kwake jioni moto hauwashwi tena, kila mtu anarudi na boksi lake la chipsi, basi tangu hapo simu na barua hazijakatika. Nimechukua tano, mana nyengine zinarudia yale yale. Mkiona la kwanza nimelijibu kwa urefu ni kwa sababu wengi wenu mmeuliza hilo hilo kwa maneno tofauti.

SWALI: Shikamoo dada. Mie ni mama wa watoto wanne, nakaa Mwanakwerekwe. Mume wangu fundi, akipata vizuri kwa mwezi inafika laki sita, na mie kila siku ananiachia elfu kumi na tano ya matumizi. Tatizo ni hizi chipsi. Mara mbili kwa wiki watoto wanalia na baba yao anakubali, tunachukua sahani nne za elfu mbili na mia tano, na vipande viwili vya kuku elfu tatu tatu, mie na baba yao tunamalizia wali wa mchana. Nikisema basi, wananambia mbona jirani wananunua kila siku. Huyo jirani ana gari na duka Darajani, wao kwa wiki mara nne wanashusha. Alafu juzi kaka yangu kanambia ati Marekani vyakula hivi ni vya masikini, tajiri hali. Sasa mbona huku kwetu naona kinyume? Nani hasa anokula zaidi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kaka yako kasema kitu ambacho hata Wamarekani wenyewe wanakiamini, lakini walipokaa wakahesabu hawakukuta hivo. Kituo chao cha serikali cha kudhibiti maradhi, CDC, kilitoa hesabu mwaka 2018, hesabu za miaka ya 2013 mpaka 2016. Walikuwa wanamuuliza mtu mzima ndani ya siku moja kala nini na nini. Wakakuta asilimia 36.6 walikula chakula cha haraka siku hiyo. Sasa ukiwagawa kwa kipato, wale wa chini ni asilimia 31.7, wa kati 36.4, na wenye kipato kikubwa ni asilimia 42. Yani kinapanda na pesa! Kilichotenganisha watu zaidi ni umri, vijana wa miaka 20 mpaka 39 walikuwa karibu asilimia 45, na wazee wa 60 kwenda juu asilimia 24 tu.

Na kabla ya hapo, mwaka 2017, wachumi wawili, Jay Zagorsky wa Chuo Kikuu cha Ohio State na Patricia Smith wa Michigan, walitoa utafiti wa watu wa makamo ambao wamekuwa wakiulizwa maswali miaka na miaka, hao hao. Walichokikuta ni kwamba matajiri sana wanakula pungufu kidogo, masikini sana nao pungufu kidogo, wa katikati ndo wanozidi, lakini tofauti zenyewe ni ndogo, kila mtu anakula tu. Na hata mtu alopanda kipato au aloporomoka hakubadilika sana kwenye hilo. Walozidi kula ni wale wanofanya kazi masaa mengi na hawana muda wa kupumzika. Hapo mie ndo nilipopaona pa maana zaidi kuliko huo utajiri na umasikini, kwa sababu tukirudi kwetu ukisimama Amani au Michenzani saa mbili usiku ukatazama foleni ya kwenye karai utamuona nani? Utamuona muuguzi katoka zamu bado kavaa viatu vyeupe, vijana wawili wa bodaboda wanangoja oda ya mtu wa Mbweni alopiga simu, msichana wa dukani na mkoba wake begani, baba kashika mtoto mkononi na gari kaiacha inawaka barabarani. Wote hao wanafanana kitu kimoja, saa mbili imewakuta hawajafika jikoni.

Lakini swali lako lina upande wa pili na huo ndo unokuhusu wewe. Kula mara nyingi ni jambo moja na kuumia mfukoni ni jambo jengine. Chukua peni tuhesabu kwa bei zako. Sahani nne ni elfu kumi, kuku elfu sita, usiku mmoja elfu kumi na sita. Mara mbili kwa wiki ni 32,000, wiki nne ni 128,000. Kwenye laki sita hiyo ni zaidi ya moja ya tano ya kila anachokileta mumeo nyumbani. Jirani yako mara nne kwa wiki, tuseme anachukua kama wewe, ni 256,000. Mara mbili yako. Sasa kama duka linamuingizia milioni tatu, hiyo kwake haifiki hata asilimia tisa. Yeye ndo anokula zaidi, wewe ndo unolipa zaidi. Watoto hawawezi kuliona hilo, wanaona boksi tu, na si kosa lao.

Tena tazama kitu chengine, matumizi yako ya kutwa ni elfu kumi na tano. Kwa hiyo pesa unanunua mchele wa mapembe, nazi, fungu la dagaa au vibua, tungule, makaa, chai ya asubuhi na boflo, watu sita wanakula mchana na usiku. Usiku mmoja wa chipsi umekula kutwa nzima na elfu moja juu yake, na nyinyi wakubwa wawili hamjagusa, mmekula kiporo.

Kuna watu watakwambia ah hawa masikini hawajui kupanga, pesa hawana na chipsi wanataka. Mie maneno hayo siyapendi na siyakubali. Mtoto wa Kwerekwe anataka anachokitaka mtoto wa Mbweni, na vyakula hivi popote vinapoingia vipya vinaingia na heshima yake. KFC ilipofungua Beijing mwaka 1987 watu walikuwa wanapeleka wageni wao kule, na McDonald's ilipofungua Moscow Januari 1990 watu walipanga foleni kwenye baridi, inasemwa siku ya kwanza tu walihudumiwa kama elfu thelathini. Wale hawakuwa wajinga, walikuwa wanataka kuwa sehemu ya dunia. Mumeo akibeba lile boksi akapita nalo uchochoroni anajisikia kawafanyia watoto wake kitu, na kweli kawafanyia.

Ushauri wangu, usizuie, punguza. Iwe usiku mmoja ujulikane, Alhamis au siku mnoipenda, na huo mwengine mkaange wenyewe, mbatata kilo mbili ukimenya mwenyewe na mafuta yako zinawatosha wote sita, na kipande cha samaki badala ya kuku. Na hiyo hesabu muoneshe mumeo usiku watoto wakilala, usimuoneshe mbele yao. Mwanamme akitolewa hesabu mbele ya watoto ataona unamwambia hatoshi, na kesho ataleta sahani sita.

SWALI: Dada za kazi. Mie kijana wa Chake Chake, sijaoa, nimepanga chumba Machomane. Mshahara wangu 350,000 kwa mwezi. Asubuhi chapati mbili na chai 1,500, mchana wali na samaki hotelini 3,500, usiku chipsi mayai 3,500. Kila mtu ananambia pika, pika, lakini nikihesabu makaa na nazi ya mtu mmoja naona bora ninunue. Nakosea wapi?

JIBU: Nzuri mdogo wangu, habari ya Chake. Hukosei sana ndo mana nimeichukua barua yako, kwa sababu watu wanavyosema "kupika ni rahisi" wanasema kwa hesabu ya nyumba ya watu saba. Chungu cha watu saba na chungu cha mtu mmoja makaa yake karibu sawa. Nazi huwezi kununua robo. Mchuzi wa mtu mmoja ukibaki na huna friji asubuhi ushachacha. Kwahiyo mtu mmoja anonunua chakula kilichopikwa si lazima awe anapoteza, na wanaokwambia pika wengi wamepikiwa na mama zao.

Ila sasa jumlisha. 8,500 kwa siku, mwezi 255,000. Kwenye 350,000 imebaki 95,000, humo utoe kodi, bando, nauli ya kwenda kwenu, na ukiumwa je? Chakula kimechukua karibu robo tatu ya mshahara. Kuna Mjerumani mmoja wa takwimu, Ernst Engel, mwaka 1857 alichunguza matumizi ya familia za wafanyakazi akaona kwamba kadiri nyumba inavokuwa na kipato kidogo ndo sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho inakwenda kwenye chakula, na mpaka leo haijabadilika. Marekani mwaka 2023 ile moja ya tano ya familia za chini kabisa karibu theluthi ya kipato chao kilikwenda kwenye kula, na ile moja ya tano ya juu ni kama asilimia 8 tu, ingawa kwa pesa taslim tajiri alitumia nyingi zaidi. Wewe uko kwenye robo tatu. Hapo si suala la kupenda chipsi tena, hapo mshahara wenyewe ndo mdogo, na atakaekwambia tatizo ni chapati zako mbili hakutendei haki.

Cha kufanya kipo. Mchana usiuguse, ule wali na samaki wa hotelini ndo chakula chako cha maana, una nafaka una samaki na pengine mchicha pembeni. Kata usiku. Lakini usipike peke yako, tafuta vijana wawili hapo hapo mnapopanga, mchange mtungi mdogo wa gesi na sufuria mbili, mpike kwa zamu. Nimezungumza na vijana wanofanya hivo, wanasema usiku unawagharimu kama nusu ya bei ya hotelini. Kwako nusu ya 3,500 ni 1,750 umeokoa, kwa mwezi ni elfu hamsini na kitu. Na asubuhi, muhogo wa kuchemsha au viazi vitamu jikoni kwa mama wa watu vinashiba kuliko chapati mbili. Pemba mna muhogo jamani, msiudharau.

Sharti moja la kuchanga, andikeni. Mmoja akianza kutoa buku kila mara "kesho ntamalizia" mtagombana, na mkishagombana kila mtu atarudi kwenye chipsi mayai yake.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi nauza chipsi na kuku, banda langu lipo mjini karibu na uwanja wa Amani. Kuanzia tarehe ishirini hivi mpaka mwisho wa mwezi biashara inalala. Wa magari wanakuja kama kawaida, wanaopotea ni wa miguu. Nishushe bei? Nipunguze chipsi kwenye sahani? Mbatata nazo kila siku zinapanda.

JIBU: Waaleikum salaam kaka. Umeona kitu ambacho makampuni makubwa duniani wanalipa watu wawaoneshe. McDonald's wenyewe, kule Marekani, mauzo ya maduka yao miezi mitatu ya mwanzo ya 2025 yalishuka kwa asilimia 3.6 ukilinganisha na mwaka wa nyuma, na viongozi wake wakasema wazi, wateja wa kipato cha chini safari zao zimepungua karibu kwa asilimia kumi, wa kati nao wamepungua, wa kipato cha juu wapo pale pale. Bei zilipanda miaka ile baada ya korona, kodi za nyumba zikapanda, basi yule wa chini akabaki nyumbani, au asubuhi halipi tena, anakunywa chai kwake. Tangu Juni 2024 walishaona, wakatoa mlo wa dola tano, baga, chipsi ndogo, vipande vinne vya kuku na soda.

Kwahiyo wateja wako wa miguu hawajakukimbia wewe. Tarehe ishirini na tano mtu anashika elfu moja na mia tano, anapita mbele ya banda lako anaitazama ile bei ya ubaoni, anaendelea. Mtu huyo hukumpoteza kwa sababu ya ladha. Hukumuwekea kitu cha pesa alonayo.

Nakuomba sana usipunguze chipsi kwenye sahani ile ile kwa bei ile ile. Wateja wa uswahilini wanajua sahani kwa macho, ukipunguza vijiti vitano wameona, na hawatakwambia, watahama kimya kimya. Weka sahani ndogo, iite ndogo, iwe na bei yake. Weka muhogo wa kukaanga na pilipili ya embe na ndimu. Mbatata zako zinatoka Njombe na Mbeya, zinapanda lori zinapanda boti, mvua ikinyesha kule barabara ikaharibika wewe huku unalipa, wakati muhogo unachimbwa hapa hapa shamba. Karai lile lile, mafuta yale yale, na kwa yule wa elfu moja tumbo limejaa. Wa magari watacheka wiki ya kwanza, wiki ya pili watauomba na wao, mie nimeona Forodhani muhogo na pweza vinaliwa na watu wa kila namna.

Sasa mafuta. Hujaniuliza lakini ntakwambia, kwa sababu mwisho wa mwezi biashara ikilala ndo wakati mtu anaona ah haya mafuta bado, ya jana, ya juzi, tutie mengine kidogo juu. Mafuta yakishakuwa meusi, yanatoa povu na moshi kabla hata hujatia chipsi, yameharibika, usiyafufue. Yale si mabaya kwa tajiri tu, tajiri akiumwa ana pa kwenda. Anokula kwako kila usiku kwa sababu hana jiko, yule kijana wa chumba kimoja, ndo unamlisha hayo mafuta siku thelathini kwa mwezi.

Na Ramadhani panga mapema, watu wote wanafuturu majumbani, tambi, muhogo wa nazi, mbatata za urojo, chipsi zako saa kumi na mbili jioni hazina mtu. Funga jioni, fungua baada ya tarawehe.

SWALI: Mwanangu, mimi mzee wa Wete. Nasikia mnavyosema chakula cha haraka, chakula cha haraka. Urojo nao mnautia humo? Na supu ya pweza? Zamani sisi tulikula pweza kwa sababu hatuna pesa ya nyama, leo pweza nikimuuliza bei naondoka.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kwa maana ya kuagiza ukapewa ukala umesimama, urojo ni chakula cha haraka, tena wa zamani. Lakini mie siutii kapu moja na chipsi na soda. Bakuli la urojo lina mbatata ya kuchemsha, badia za dengu, chatne ya nazi, embe au ndimu, yai kama mfuko unaruhusu, na mtu wa mia tano anatiliwa na mtu wa elfu tatu anatiliwa, kwenye sufuria moja. Chipsi hazina kipimo hicho. Kinachoongezeka ni zile badia na mihogo iliyokaangwa juu, hapo ukizidisha ndo mafuta yale yale.

Pweza umesema kweli na inauma. Mwaka 2024 Zanzibar iliingiza watalii zaidi ya laki saba, na hoteli zote zinataka pweza, anaevua pweza mwambani kule pwani anauza kwa anaelipa zaidi, humlaumu. Kilichokuwa kitoweo cha asokuwa na nyama kimepanda meza nyengine. Kisiwa Panza hapo kwenu Pemba wamewahi kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi ili pweza wakue, na wakifungua wanapata wakubwa, hilo linasaidia mvuvi. Mlaji wa Wete bado hajafikiwa, na utafiti wa serikali wa bajeti za kaya wa 2019/20 ulionesha robo ya Wazanzibari, asilimia 25.7, wako chini ya mstari wa mahitaji ya lazima, na Pemba hali ni nzito kuliko Unguja. Watu hao kwenye foleni ya chipsi huwaoni kabisa. Tunapozungumza nani anokula nini mjini tuwakumbuke.

SWALI: Mimi mwalimu wa skuli ya msingi, wilaya ya Mjini. Wanafunzi wetu wengi wanatoka nyumba za kawaida tu, wanakuja na mia tano au elfu moja. Nje ya geti mapumziko kuna karai tatu za chipsi, barafu za rangi, na mama mmoja wa uji na maandazi. Skuli za kulipia za jirani hawaruhusu wauzaji, watoto wanaletewa chakula kutoka nyumbani. Wenzangu wanataka tuwafukuze wote. Wewe unaonaje?

JIBU: Mwalimu, umeleta jambo ambalo ndo linanitia hofu kuliko yote ya juu.

Kuna mtaalamu wa lishe wa Marekani, Barry Popkin, ameandika tangu miaka ya tisini jinsi nchi zinavobadilika kula. Nchi ikianza kupata pesa, mafuta na sukari na vyakula vya madukani wanaanza nao wenye nazo, na unene unaanza kwao. Baadae vinakuwa rahisi, vinashuka mitaani, wenye nazo wanasoma, wanabadilisha, wanaanza matunda na mazoezi, na vile vilobaki rahisi wanabaki navyo wa chini. Uingereza wameshafika huko, serikali yao ilitoa ramani mwaka 2018 za maduka ya chakula cha haraka na mitaa ya kimasikini ndo yenye maduka mengi zaidi kwa idadi ya watu. Sasa wewe umenielezea skuli mbili za mtaa mmoja, moja karai haziruhusiwi na moja karai tatu. Hiyo safari ishaanza hapo kwenye geti lako, na watoto hawakuchagua.

Lakini kuwafukuza wote sikubaliani. Mtoto alotoka nyumbani bila chai, na wapo wengi, mapumziko ndo chakula chake cha mwanzo, ukifukuza wauzaji unamuacha na njaa na hisabati. Na wale wauzaji ni mama za hao hao wanafunzi. Waiteni, pamoja na sheha na kamati ya wazazi, kaeni chini. Semeni hivi, barafu za rangi hapana. Soda hapana, Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi moja ya kumi ya nguvu yote anoipata mtu kwa siku, na kwa mtoto mdogo chupa moja karibu ishamaliza. Karai tatu ziwe moja, na hiyo moja iwe na muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha pembeni, chumvi ipungue, mana kiwango cha mtu mzima wenyewe ni chini ya gramu tano kwa siku na mtoto anatakiwa chini ya hapo. Wale wawili wa karai wahamie kwenye machungwa, ndizi, embe za msimu, mahindi ya kuchemsha. Wakikwambia hayauziki, ni kweli wiki za mwanzo hayatauzika, kwahiyo walimu mnunue hapo hapo mbele ya watoto, msitume mtu dukani akawaletee chipsi ofisini.

Bei ibaki mia mbili mpaka mia tano, ikipita hapo yule wa mia tano mmeshamtoa. Na mama wa uji mtafutieni kivuli na benchi, sogezeni karibu na bomba la maji, watoto wanawe mikono, na muombeni uji wake autie karanga au maziwa kidogo. Kama kamati ina chochote cha kuchangia, changieni hizo karanga.